Nyama Inayojibu

Ko. Ko-ko. Ko.

Kokulinda akainua kichwa. Nani anabisha usiku huu, na mumewe Maige yuko zamu kiwandani? Akawasha tochi ya simu. Mlango umetulia, dirisha limetulia, sauti bado ipo, na ndipo akaona: kidole gumba chake mwenyewe kilikuwa kinagonga ubao wa kitanda, kinaruka bila yeye kukiambia.

Asubuhi ikawa jicho. Mchana, shavu la mguu. Yaani nyama inatembea chini ya ngozi kama panya ndani ya gunia.

Muuguzi wa zahanati ya pale Kiseke wala hakushtuka. "Unalala?"

"Nitalalaje, dada? Tangu mwanangu Nathaniel apone homa namsikiliza anavyohema. Natafuna punje za kahawa anazonitumia mama kutoka Bukoba ili nisisinzie."

"Basi ndiyo hiyo. Wasiwasi, kukesha, na kahawa juu yake! Misuli lazima iruke. Acha kutafuna, lala."

Akaacha, akalala, ikatulia kweli. Ikatulia mpaka mama mkwe, Bernadeta, alipovuka ziwa kutoka Sengerema kuja kumwona mjukuu. Kokulinda akapiga goti, "Shikamoo mama," na jicho likacheza.

"Marahaba." Bernadeta akamkazia macho. "Kuna kitu kinachungulia humo."

"Muuguzi amesema ni wasiwasi, mama."

"Basi akanyonyeshe yeye. Mjukuu wangu hanyonyi jini. Likiwa jini, navuka naye."

Navuka naye! Kuanzia hapo usingizi ukaisha. Kokulinda akarudia kahawa zake, akatafuna akimlinda mtoto asibebwe, na kadiri alivyomlinda ndivyo mwili ulivyoruka, bega, taya, tumbo, na chumbani kukaanza kunuka tope la ziwani ingawa madirisha yamefungwa.

Bernadeta akamleta mganga, Selina, mwanamke mpole mwenye kucha fupi. Akamlaza Kokulinda mkekani, akaweka kidole kwenye shavu la mguu.

"Wewe uliyemo. Unataka damu?"

Kimya.

"Unataka nyumba hii?"

Kimya.

"Unataka mtoto?"

Nyama ikaruka, ikaruka kutoka unyayoni hadi tayani, meno yakagongana, ile harufu ya tope ikajaa kinywani kama vile ameyanywa maji ya chini kabisa kule jua lisikofika, na Kokulinda akapiga kelele kwamba nimeogopa tu, jamani, ni mama gani asiyeruka akiulizwa hivyo, lakini Bernadeta alikuwa ameshamkumbatia Nathaniel na kumgeuzia mgongo.

Selina akafukiza, akamnyunyizia maji, akamkanda mpaka mwili ukalegea.

"Limetoka," alisema. "Likionekana tena humu ndani, mtoto aondoke siku hiyohiyo."

Kokulinda akarudishiwa mwanawe. Mwili wake ulikuwa kimya, kimya kuliko ulivyowahi kuwa. Akakaa kunyonyesha. Nathaniel akaliachia titi, akapiga mwayo, na mwayo ule ukanuka tope.

Halafu kope lake dogo likaruka. Likatulia. Likaruka.

"Mama Nathaniel!" Bernadeta aliita kutoka sebuleni. "Mtoto anaendeleaje?"

"Amelala, mama. Hajambo kabisa."

Akamfunika uso kwa kanga, akainama hadi midomo ikagusa sikio la mtoto, au la yeyote aliyekuwa anasikiliza humo.

"Tulia," alinong'ona. "Tulia, tukae wote. Sitamwambia mtu. Hata baba yako."