Nyota Iliyowagombanisha Tuda na Ijja

Asubuhi hiyo Rqia alikaanga mkate wa msemen, akawawekea mabinti zake mapacha sahani moja, kama kawaida. Tuda alikata nusu yake, akahamia nayo ukingoni mwa meza. Ijja alivuta yake upande wa pili. Hawakusemeshana. Mama yao aliuliza kama nyumba hii imefiwa.

Kisa kilikuwa nyota. Shule yao huko milimani Atlasi ilikuwa na darubini yenye kamera. Mapacha hao walikuwa wanachunguza nyota ambayo kila jioni hufifia, kisha mwanga wake unarudi. Kazi waligawana kwa zamu, kama walivyogawana kila kitu tangu tumboni: leo huyu, kesho yule.

Lakini vipimo vilikataa kulingana. Katika zamu za Tuda, nyota ilififia zaidi kidogo. Katika zamu za Ijja, ilififia pungufu. Tofauti ilikuwa nyembamba kama unywele, ila haikukosekana. Tuda alidai mwenzake hajui kufuta ukungu kwenye kioo. Ijja akamwambia anapika hesabu. Baada ya hapo Ijja alilia chini ya blanketi, akasingizia mafua. Aliamua kuacha darubini kabisa.

Jirani yao, Lalla Khadduj, alikuwa mfanyakazi wa kituo cha kutazamia nyota. Alipopita kuomba mnanaa, Rqia alimweleza yote, hata yale ambayo watoto walidhani hayajui.

Lalla Khadduj aliwaita mapacha.

"Hiyo nyota huenda ni mbili," alisema. "Zinazungukana. Moja ikipita mbele, inaiziba nyingine, mwanga unapungua. Zikiwa karibu sawa, huwezi kujua ipi imezibwa. Unadhani ni ileile inajirudia."

"Sasa nani kakosea?" Ijja aliuliza.

"Badilishaneni zamu, tuone."

"Yaani nichukue jioni zake pamoja na ukungu wake?" Tuda alinung'unika.

"Chukua, mwanangu. Ukungu hauna mwenyewe."

Walipumzika jioni moja, kisha wakaanza upya, hata Ijja aliyekuwa ameamua kuacha, zamu zikiwa zimegeuzwa. Sasa vipimo vya Ijja vilikuwa kama vya Tuda vya zamani, na vya Tuda kama vya Ijja. Tofauti ilikuwa ya nyota, si ya mpimaji. Jioni moja inazibwa hii, jioni inayofuata inazibwa pacha wake. Kumbe mzunguko mzima huchukua siku mbili, si moja kama walivyodhani.

Lalla Khadduj alipeleka vipimo kituoni. Darubini kubwa ilichambua mwanga ule rangi kwa rangi, na alama zake zikaonekana jozi jozi, moja ya kila nyota. Nyota zilikuwa mbili kweli.

Jioni iliyofuata Ijja alikuwa anaielekeza kamera aliposikia hatua za Tuda.

"Leo si zamu yako," alisema bila kugeuka.

"Najua. Nimekuja tu."

Ijja alisogea. Wakabanana kwenye kiti kimoja, wakaingoja nyota ififie.