Barua Tatu kwa Siku

Hesabu? Mtaa mzima wa Mbotela hakukuwa na kichwa kama changu! Namba nilizichezea kama bano, zile gololi za watoto.

Basi sikieni, jamaa zangu... Ijumaa moja mwaka wa 1981, Mama Muasya, jirani wa mlango wa pili, aliingia kwetu akitetemeka. Mimba ya miezi minane. Barua mkononi.

Barua YANGU!

"Dedan, wewe ni wa Fomu Tatu. Niandikie nakala tatu. Mimi kalamu sijui... na mwisho ni kesho!"

Barua ilisema: nakili mara tatu, penyeza kwa milango mitatu kabla ya jua la kesho kuzama. Ukikaidi, utazika mtoto.

Ulikuwa mzaha tu! Jumatatu nilimwambia beste yangu Kabiru, "Tunatisha wamama kidogo. Barua tatu kwa siku, Ijumaa ni kumi na tano. Basi, inazima."

Asubuhi ya Ijumaa hiyo Kabiru alinikuta shuleni amekunja uso.

"Mse, barua imefika hadi mtaa wa Kariobangi, kule mbali!"

"Acha uongo!"

"Wewe ulijumlisha tatu. Inazidisha kwa tatu! Kila barua inazaa. Tatu, tisa, ishirini na saba, themanini na moja, leo mia mbili arobaini na tatu. Ukizijumlisha zote... mia tatu sitini na tatu!"

Na sasa moja ilikuwa mbele yangu, juu ya tumbo la Mama Muasya.

Sema, Dedan! Sema ni wewe!

Badala yake nikaandika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu... jasho likidondokea wino.

"Haya, Mama Muasya. Sasa usiogope."

Akazichana zote!

"Nani anaogopa? Natetemeka kwa hasira! Jumatatu nikianika nguo nilikuona ukipenyeza barua kwa jirani yetu Rispa. Nimekuja nione kama utasema. Umeandika zote tatu!"

Nikainama kuokota vipande.

"Rispa hajala siku nne. Kichanga chake kina homa, anadhani anakiua yeye kwa kuchelewa kunakili. Toka! Mlango kwa mlango, waambie."

Jamaa, uongo hujizidisha wenyewe, wewe umelala. Ukweli lazima uutembeze kwa miguu, na kila siku unaongeza idadi ile ile ya nyumba chache tu.

Nikagonga kwa Rispa. Nyuma yangu, mkono kiunoni, Mama Muasya akaanza kuhesabu.

"Moja."