Swichi ya Taa za Ukungu

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi umeme wa pikipiki, mtu asiyetishika ovyo. Mjane mmoja alimletea pikipiki ya marehemu mumewe afungiwe swichi ya taa za ukungu. Pikipiki haikuwa na kava la mbele, basi swichi ingekaa kwenye usukani tu.

“Panda, shemeji, fumba macho, shika usukani,” alimwambia, kama anavyowaambia wateja wote. Kidole gumba kilipotua, akapiga alama ya chaki.

“Mwenyewe alikuwa na dole refu,” mjane alisema. “Angeitaka huku ndani.”

“Sasa unaendesha wewe.” Fundi akaifunga kwenye chaki, akakaza nati barabara kwa spana namba nane.

Mvua ikashuka. Fundi akaenda kufunga mlango wa bati, mjane akakaa kwenye benchi. Mara umeme ukakatika, giza totoro. Kule kwenye pikipiki nati ikaanza kulegezwa, kwi, kwi, kwi. Kimya. Kisha ikakazwa.

“Fundi, si ulishamaliza?”

Umeme uliporudi, chaki ilikuwa palepale, swichi imesogea ndani vidole viwili.

Spana namba nane, ya pekee pale karakana, ilikuwa bado kwenye ngumi ya fundi, mlangoni.