Safari Aliyoificha Zabibu

Ndugu zangu wa Cheyo, mnaikumbuka nyumba ya Zabibu ilivyokuwa. Asubuhi ungemkuta uani akianika michembe ya viazi vitamu, na mwanawe Awadhi, fundi pikipiki, akimtania kwamba viazi anavikata vinene kama matofali. Walikuwa wawili tu, na walicheka sana.

Kisha akaja Ustadhi Anasi, mgeni mpole wa maneno. Alisema yuko amiri, kiongozi wa jumuiya yao, anayesomesha vijana dini ng'ambo, na Awadhi amechaguliwa. Aliomba jambo moja tu.

"Mama, macho ya watu unayajua. Safari hii usiitaje mpaka mtoto afike."

Hapo ndipo alipomkamata. Maana sisi tuko hivyo, tusidanganyane: mtu husafiri kwanza, majirani wakasikia baadaye, kwa kuogopa kijicho. Zabibu hakumwambia hata imamu wa msikiti wake. Alimfungia mwanawe michembe, akamwombea dua chumbani, mlango umefungwa.

Basi alilopanda Awadhi lilipopita Igunga, Luhende, mdogo wake Zabibu aliye wakala wa mabasi pale stendi, alimwona mpwa wake akificha uso dirishani. Akampigia dada yake simu.

"Dada, shikamoo. Awadhi yuko hapa na watu nisiowajua, ananikwepa. Nimshushe?"

Zabibu akakumbuka neno la Ustadhi. Akajibu, "Marahaba. Mwache, anafuata vipuri Dodoma."

Basi likaondoka.

Miezi ikapita bila salamu. Ustadhi alikwishahama, na simu yake haikupatikana tena. Siku moja mchana ikaingia namba ngeni, na sauti ya Awadhi ikinong'ona.

"Mama, huku hakuna shule. Tuko msituni, ng'ambo ya mto Ruvuma, wametupa bunduki. Jana tumechoma kijiji. Kulikuwa na mama ameanika mihogo yake uani."

Zabibu alimuuliza amiri yuko wapi, aende kumpigia magoti. Awadhi akasema hawajawahi kumwona. Sauti yake tu ndiyo huletwa kwenye simu, akiwahimiza wafe, na inasemekana wanawe wako mjini wanasoma. Simu ikakatika.

Habari za kifo cha Awadhi zililetwa na kijana aliyetoroka huko msituni. Matanga yakakaliwa bila kaburi. Luhende alikuja, akaketi karibu na dada yake, wala hakumlaumu. Alisema tu, "Mkono wangu ulikuwa mlangoni mwa basi, dada."

Zabibu akalia kilio ambacho sitaki kukisikia tena.

FUNZO

Wazazi wenzangu, elimu ya dini haina haja ya kufichwa imamu wala mjomba. Anayekwambia ufiche anajua kuna mtu angemzuia. Na kiongozi anayewatuma wana wa wenzake kuua na kufa, huku wanawe mwenyewe amewaweka shuleni, hamtumikii Mungu, anajitumikia mwenyewe. Kijicho cha jirani tukivumilie, hakijamzika mtu msituni.

Siku hizi Zabibu akiona mtu anafunga mizigo kimyakimya, huvuka barabara akamuuliza anakwenda wapi. Wapo wanaomwita mmbea. Nawaombeni, mjibuni.