Ukuta wa Lango Kuu

"Mwewe! Bomu limo ukutani. Mlipuaji anapanda kilima na rimoti. Akifika juu, anabonyeza!"

Sauti ya Mkuu wake ikakatika kwenye Motorola, redio yake ya mkononi.

Mwewe alikimbia ndani ya mfereji mkavu. Alikuwa jasusi wa serikali, ingawa pale kazini walimjua kama mchanganya zege. Mbele yake ulisimama ukuta mpya uliozuia maji ya bwawa. Nyuma yake, bondeni, wakulima walikuwa wakichimba vijito vya kupeleka maji mashambani. Dada yake alikuwa miongoni mwao, mtoto mgongoni.

Ukuta ukipasuka, hakuna atakayepona.

Akaongeza mbio.

"We mchanganya zege!" nyapara alifoka. "Umefukuzwa na nyuki?"

"Waondoe watu bondeni, mzee! Sasa hivi!"

Nyapara aliona macho yake. Akakimbilia bondeni akipuliza filimbi.

Ukuta mzima ulifunikwa magunia. Zege bichi hunyweshwa maji kutwa, lisije likapasuka. Bomu lingekuwa wapi?

Mwewe alipapasa. Gunia bichi. Bichi. Bichi.

Kavu!

Fundi gani huacha zege lake na kiu? Ni yule tu anayeogopa maji yasiguse nyaya zake.

Aling'oa gunia, akachimba kwa mwiko wa uashi aliouchomeka kiunoni. Plasta ilimeguka kama mkate. Ndani, sanduku jeusi. Taa nyekundu. Kijiti cha chuma, kiwashio chenye kupokea ishara ya rimoti, kilichochomekwa kwenye baruti.

"Amebakiza hatua chache!" Mkuu alilia redioni. "Vijana wetu hawamfikii! Toka hapo!"

Kutoka? Filimbi ilikuwa bado inalia bondeni. Watu walikuwa bado wanakimbia.

Jasho likamwingia machoni. Akafumba, akashika kijiti, akavuta.

Kikatoka.

Akakirusha kwa nguvu zake zote.

Paa!

Kililipuka hewani. Vipande vya chuma vikamchana bega. Akaanguka kifudifudi, akingoja maji.

Maji hayakuja.

"Mwewe! Upo?"

"Nipo."

"Tumemkamata. Haamini. Anabonyeza tu."

"Mwacheni abonyeze."

Alijizoazoa, akafunga bega kwa leso, akapanda ukingoni. Nyapara alimkuta akielekea barabarani.

"Unakwenda wapi? Umenitobolea ukuta! Nani atauziba?"

Mwewe alimkabidhi mwiko.

"Changanya saruji ya kutosha, mzee. Mimi nimeacha kazi."