Mawe Kwenye Mkoba wa Mwalimu

Alipofumbua macho aliwakuta watu watatu wamesimama mbele yake, wakimtazama kama mzigo usio na mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, soko la Gakoromone mjini Meru limefurika, na Ciakuthii, mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya binafsi karibu na Kinoru, alikuwa amelala fofofo juu ya gunia la ndengu. Alikuwa ameketi hapo kupumzisha miguu tu. Gauni lake la njano lilikuwa limeshika vumbi, na kiatu kimoja kilikuwa kimemvuka.

"Mteja anataka hilo gunia," alisema kijana mrefu aliyevaa aproni ya buluu, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. "Nimemwambia lina mwenyewe, na mwenyewe amelala."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitafuta kiatu, na kwa kukosa la kusema akauliza ndengu zile zilitoka wapi.

"Ishiara, kule Mbeere."

"Basi nimelala kwetu. Huwezi kunifukuza."

Kijana alicheka akamwinamia, akamvalisha kile kiatu mbele ya mteja na mbele ya soko zima. Aliitwa Kobia, mwenyeji wa Muthara, muuza nafaka. Alimtafutia chai kwenye kibanda cha jirani, akataka kujua ni Mmbeere wa namna gani huyu, maana watu wa Mbeere wanatafuna majani ya muguka na hawalali wiki nzima. Ciakuthii akamjibu kwamba fungu lake la kukesha lilitafunwa lote na kaka zake. Siku hiyo aliondoka na kilo mbili za ndengu ambazo hakuwa amepanga kununua, na nambari ya simu.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Kobia alipiga kila jioni saa moja, baada ya kufunga duka, na mara nyingi Ciakuthii alisinzia katikati ya mazungumzo, simu ikiwa sikioni. Kobia hakukata. Alikuwa akisikiliza pumzi zake huku akipanga magunia, na kesho yake alimsimulia eti alivyokoroma kwa Kimbeere. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa, na walikuwa wameahidiana kungoja mpaka ndoa. Ahadi hiyo iliwapa shida, hasa Jumapili alasiri, lakini waliishika miezi minane.

Utani wa usingizi ulianza kupungua wenyewe. Ciakuthii alikuwa anachoka kabla ya kuamka. Ngazi kumi na nane za kwenda darasani alizipanda kwa mafungu mawili, tisa kisha tisa, akisimama katikati akijifanya anasoma matangazo ukutani. Moyo ulimdunda kama wa mtu anayekimbizwa. Alipimwa malaria mara mbili, mara zote akaambiwa hana, mara zote akapewa dawa ya malaria. Alichomwa sindano saba za taifodi. Muuza dawa mmoja alimwambia ni mawazo, aolewe. Mama mwenye nyumba alimwombea huku amemshika kichwa. Mwalimu mkuu alimpata ameinamia meza huku watoto wakipiga kelele, akamwandikia barua ya onyo, na barua ya pili ingekuwa ya mwisho.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Kwa mwaka mzima alikuwa akitafuna odowa, yale mawe laini ya udongo wanayouziwa wajawazito sokoni. Hakuwa na mimba wala hakuwahi kuwa nayo. Ila harufu ya vumbi lililonyeshewa ilimjaza mate mdomoni, na jiwe likivunjika chini ya meno alihisi raha isiyoelezeka. Alikuwa mwalimu wa sayansi, naye alikuwa anakula udongo. Aliyafunga mawe yake kwenye leso, akayaficha kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba, na alipoishiwa alinunua kwa mama ambaye hakumfahamu, upande wa pili wa soko, mbali na duka la Kobia.

Mwezi Aprili, shule zilipofungwa, Kobia alimpeleka Muthara kumwona mama yake. Ciakuthii alivaa sketi ya kijani iliyofika chini ya magoti na blauzi nyeupe, akasuka nywele upya. Njia ya kuingia nyumbani kwao ilikuwa ya mlima. Alifika amelowa jasho, midomo imemkauka, akacheka ili asionekane.

Mama Kobia, mjane aliyeitwa Kathambi, alikuwa mmoja wa wale ambao mgeni kwao hupewa chai kabla hajaulizwa jina. Chai ilikuja kabla ya chakula, ikaja pamoja na mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, ikaja tena baada ya mukimo. Ciakuthii alikunywa yote kwa heshima. Aliposimama kusaidia kuondoa vyombo, chumba kizima kiliinama upande mmoja, akajikuta ameshika ukuta.

Kajuju, dada mkubwa wa Kobia, aliwahi kumketisha. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni, na Kajuju, kwa wema kabisa, akaingiza mkono kwenye mkoba wa mgeni kutafuta leso. Akaivuta. Mawe manne ya kijivu yakaanguka sakafuni, moja likabiringika mpaka kwenye kiatu cha Mama Kobia.

Mwanamke aliyezaa watoto watano hahitaji kuelezwa odowa ni ya nini, na Kajuju mwenye watatu pia hahitaji. Usingizi, jasho, kizunguzungu, mawe. Walimtazama tumboni, kisha wakamtazama Kobia, naye Kobia alikuwa ameangalia chini.

"Kajuju," mama alisema polepole, "mwokotee mgeni mawe yake. Anayahitaji kuliko sisi."

Nje, kati ya miti ya miraa, Kobia alisimama mbali naye kuliko siku zote. Mikono aliitia mifukoni.

"Ni ya nani?" aliuliza.

Ciakuthii angeweza kumwambia. Maneno yalikuwa matatu tu, sina mimba yoyote, naye alikuwa nayo mdomoni. Lakini alimtazama mtu aliyemvalisha kiatu mbele ya soko zima, mtu aliyesikiliza pumzi zake miezi minane, akaona kwamba amekwisha kuamua.

"Umeniona nikianguka," alisema, "na hilo ndilo swali ulilolipata."

Aliteremka ule mlima peke yake. Kobia hakumfuata.

Siku ya tatu simu iliita. Ciakuthii alikuwa Ishiara kwa mama yake, amelala mkekani kwenye kivuli cha ghala, joto limemlemea.

"Niambie ukweli tu," Kobia alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. "Nitausikia. Hata ukiwa mbaya nitausikia."

"Ukweli ni kwamba nimechoka, Kobia. Nimekwambia tangu siku ya kwanza ukadhani ni utani."

"Cia, watu hawali odowa kwa sababu wamechoka."

"Basi umejua kuliko mimi."

Alikata, kisha akalia kidogo tu, kwa sababu hata kulia kulimchosha. Mama yake alikuwa amesikia yote. Alimshika kope la chini akalivuta, kama anavyofanya kwa mbuzi wake wanapodhoofika, akaona ndani kweupe kama karatasi. Asubuhi iliyofuata walikuwa Embu.

Daktari aliyempokea hospitalini alikuwa mwanamke wa makamo mwenye hijabu ya zambarau, jina lake Latifah. Hakumuuliza kichwa kinauma au la. Alimtazama viganja, akamtazama ulimi, halafu akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Unakula nini ambacho si chakula?"

Ciakuthii alifungua mkoba akaweka mawe mezani. Alingoja kuchekwa.

"Tangu lini?"

"Mwaka mmoja. Daktari, sina mimba."

"Tutapima, ni kawaida, tunampima kila mtu. Na hedhi? Siku ngapi?"

Alikuwa anaona siku tisa, wakati mwingine kumi, na alidhani wanawake wote huvumilia hivyo. Latifah aliandika. Majibu yalirudi kabla ya saa sita. Mimba hakuna. Damu ilikuwa tano nukta nane, wakati ya mwanamke mzima inapaswa kufika kumi na mbili. Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, ule wanaouita fibroidi, uliokuwa ukimtoa damu mwezi baada ya mwezi. Mwili uliopungukiwa na madini ya chuma, daktari alieleza, wakati mwingine hutamani udongo, na udongo haumsaidii mtu kitu. Wajawazito wengi huutamani kwa sababu hiyo hiyo. Wala chai haikumsaidia. Chai pamoja na chakula huyazuia madini yasiingie mwilini. Anywe saa moja baadaye au aiache.

"Nilidhani ni uvivu," Ciakuthii alisema.

"Kwa damu hii, mwalimu, mimi nisingeweza kufika hapo mlangoni."

Walimlaza wamwongeze damu. Alipolala akitazama tone baada ya tone likishuka kwenye mpira, aliishika ile karatasi ya majibu. Ilikuwa na neno moja ambalo lingemrudisha Kobia mbio. Angeweza kulipiga picha akalituma. Simu ilikuwa kifuani pake. Aliifikiria kwa muda mrefu, kisha akaikunja karatasi, akaisukuma chini ya mto. Mume wa kuamini karatasi angehitaji karatasi maisha yake yote.

Kobia alikuja kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, mchana. Alikuwa amevaa shati la kanisani lililokunjamana. Alikuwa amefika Ishiara kwanza, na mama yake Ciakuthii, aliyekuwa amerudi kulisha mbuzi, alimwambia tu hospitali na wodi. Akitaka kujua zaidi, alimwambia, amuulize mgonjwa mwenyewe.

Alisimama mwisho wa kitanda, akaiona chupa ya damu, na uso wake ukabadilika.

"Umekuja kuuliza ni ya nani?" Ciakuthii alisema.

"Hapana."

"Nani amekueleza?"

"Hakuna. Sijui kitu chochote, Cia." Alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. "Nimekuja kuuliza nililopaswa kuuliza Muthara. Unaumwa wapi?"

Alimtazama sana. Kisha akaitoa karatasi chini ya mto akamnyooshea.

Kobia hakuipokea. "Niambie wewe. Ukisema, itanitosha."

Kwa hiyo alimwambia. Alimwambia ngazi tisa kisha tisa, barua ya onyo, mawe, hedhi, uvimbe, hata chai ya kungojwa saa moja baada ya chakula. Alimwambia pia lile lililomwogopesha zaidi, kwamba uvimbe utatolewa kwa upasuaji, na kwamba daktari ana matumaini ya uzazi lakini hakumwahidi. Alilisema akiangalia dirishani.

"Nyumbani kwenu walidhani nina mtoto," alimaliza. "Sasa huenda nisimpate kabisa. Nenda ukawaambie hivyo."

Kobia aliketi.

"Nitawaambia nilikuacha uteremke mlima peke yako ukiwa na damu nusu," alisema. "Hilo kwanza. Halafu nitawaambia nataka kukuoa. Mengine tutayajua tukiwa pamoja."

"Sijasema nakubali."

"Najua."

"Na bado nina hasira."

"Utakuwa nayo ya kutosha sasa, wamekuongezea damu," Kobia alisema, na Ciakuthii akacheka kabla hajajizuia, kicheko chembamba kilichomfanya mgonjwa wa kitanda cha pili ageuke.

Upasuaji ulifanyika Agosti. Mwezi wa Novemba alizipanda ngazi kumi na nane bila kusoma tangazo lolote. Odowa ilikuwa imemtoka moyoni bila hata kupigana nayo. Siku moja alipita mbele ya yule mama muuzaji na mate hayakumjaa.

Mwezi wa Desemba alirudi Muthara. Kobia alimwambia si lazima, naye akamwambia anajua si lazima. Alivaa nguo zile zile za mwanzo, sketi ya kijani na blauzi nyeupe, akaupanda mlima mbele ya Kobia, akimcheka kwamba mtu wa miraa anahema.

Mama Kobia aliwapokea mlangoni. Hakuomba radhi. Walisalimiana, wakaketi, Kajuju akaleta mukimo na maini ya mbuzi, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile watu walikula bila kikombe mezani. Vyombo vikaondolewa. Mama Kobia akaenda jikoni, akarudi na vikombe na chupa ya chai, lakini hakuifungua. Aliipakata mapajani, mikono yote miwili juu ya kifuniko, akawa anaitazama saa ya ukutani.

Kobia alinyoosha kikombe chake.

"Weka chini," mama yake alimwambia. "Zimebaki dakika ishirini saa nzima itimie. Hakuna atakayekunywa hapa kabla ya mwari wangu."

Alimwita binti yake, kwa Kimeru, na macho yake hayakutoka kwenye saa. Ciakuthii alisogeza kiti chake mpaka karibu na wa yule mama. Wakangoja pamoja.