Barua Iliyotangulia Wazee

"Umejiondoa?"

"Nimejiondoa, Hani."

"Siku sita kabla ya tathmini! Ayanle, wewe ni mzima kweli?"

Hani Dagane alikuwa amesimama nje ya ofisi za wahadhiri, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, simu kaibana sikioni kama anataka kuipasua. Jua la saa saba la Garissa lilikuwa limeshawafukuza hata mbuzi barabarani, lakini yeye hakulisikia. Alichokisikia kilimtosha.

Kwa miaka miwili alikuwa amelijenga somo moja kwa mikono yake. Vyuo vikuu kumi na vinane vya maeneo makavu vilikuwa vimeunda mtandao na kukubaliana kwamba hakuna mwanafunzi atakayehitimu, awe wa uhasibu, awe wa ualimu, bila kusoma maendeleo endelevu. Kila chuo kilete somo lake, lipimwe. Litakalofaulu lifundishwe kote. La Hani liliitwa Malisho, Maji na Kesho. Likianguka, wanafunzi wake wangeletewa jingine lililoandikwa mbali, limejaa mifano ya mahindi na misitu ya milimani.

Na kiongozi wa watathmini alikuwa Dkt. Ayanle Bishar, mwana wa Masalani, mhadhiri Nairobi. Mwanamume aliyempenda. Baada ya mwezi wa Ramadhani alikuwa apeleke wazee Balambala, kwa baba yake Hani, kumposa.

"Nisikilize," Ayanle alisema. "Siwezi kukaa kwenye kiti cha hakimu na mwenye kesi ni mtu nimpendaye."

"Sawa. Ungesema una safari. Ungesema unaumwa."

"Niseme uongo? Nimeandika sababu kwenye barua."

"Sababu gani?"

"Sababu ya kweli."

"Ayanle. Sababu gani?"

"Kwamba nakusudia kukuoa."

Hani aliegemea ukuta. Ulikuwa wa moto, akajitoa haraka.

"Hiyo barua imekwenda kwa nani?"

"Kwa sekretarieti ya mtandao. Na nakala kwa vyuo."

"Vyuo vingapi?"

"Vyote. Ndio utaratibu."

"Walahi, Ayanle! Vyuo kumi na vinane vinajua naolewa, na baba yangu hajui!"

Alikata simu. Hakujua kwamba alikuwa amechelewa. Adeer yake Hared, mdogo wa baba yake, alikuwa karani katika chuo kimojawapo. Aliisoma barua ile asubuhi, akafurahi kupita kiasi, akampigia kaka yake kumpa hongera.

Jioni ikaingia meseji kutoka kwa mdogo wake, Hamdi:

"Abaayo, adeer Hared amemwambia aabo unaolewa. Tangu adhuhuri hajasema neno. Sasa amesema hafundishi mtu yeyote, chuo kitafute mwingine. Usimpigie, hapokei."

Hani alikaa kitandani. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa.

Kwa sababu mwingine hakuwepo. Nusu ya somo ilifundishwa porini Balambala, na mwalimu wa porini alikuwa baba yake, Dagane mwenyewe, mfugaji ambaye hakuwahi kukalia dawati. Bila yeye, somo lilikuwa karatasi tu.

*

Asubuhi iliyofuata gari la chuo lilimshusha Balambala. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kisimani, maana saa hizo ng'ombe wa baba yake hunywa maji.

Akamkuta Ayanle.

Daktari wa falsafa alikuwa amekunja suruali magotini, shati limelowa, anateka maji na kuyamimina kwenye hori, ndoo baada ya ndoo. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Mzee Dagane alikuwa amekaa pembeni, amempa mgongo.

"Amefika saa ngapi?" Hani alimnong'oneza Hamdi.

"Jana usiku wa manane. Amelala msikitini, na huko ameambiwa kwamba aabo ameshasikia. Aabo hajamsemesha, amemwonyesha ndoo tu."

Hani alitaka kucheka, akataka kulia, hakufanya hata kimoja. Baba yake aligeuka.

"Waryaa. Kijana, weka ndoo chini."

Ayanle aliiweka.

"Umekuja kuomba binti?"

"Hapana, adeer. Kuomba binti ni kazi ya wazee. Mimi nimekuja kuomba radhi."

"Umekosa nini?"

"Habari ya nyumba yako umeisikia kutoka ofisini. Mimi ndiye niliyeiandika kabla hujaisikia."

Ng'ombe mmoja alinyanyua kichwa horini akapumua kwa nguvu. Mzee akampigia mluzi arudi kunywa.

"Wewe ulikuwa ndiye mpimaji. Kwa nini hukunyamaza, ukampa mwanangu alama zake, kisha ukaja kumwoa?"

"Ningempa alama nzuri, na angezistahili. Lakini kila mlango ambao angeingia watu wangesema: huyo alipewa na mumewe. Sikutaka abebe neno hilo maisha yake yote."

Jana kwenye simu Hani hakumpa hata nafasi ya kulisema hilo.

"Hata kwa kadhi," Dagane alisema taratibu, "mtu hamtolei mkewe ushahidi ukakubaliwa." Alisimama, akajifuta vumbi kikoini. "Ulitenda haki. Ila uliitenda bila adabu."

"Nakubali, adeer."

"Na wewe!" Sasa ilikuwa zamu ya Hani. "Jambo hili ulilijua tangu lini?"

"Miaka miwili, aabo."

"Miaka miwili! Na mimi nikaachiwa niambiwe na Hared?"

"Nisamehe, aabo. Nilikuwa nasubiri wazee waje kwa heshima."

Mzee alitikisa kichwa. Hani alikusanya ujasiri wake wote.

"Basi hutafundisha?"

"Wanafunzi wamenikosea nini? Nilikasirika. Sikufa."

Hamdi aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa shela.

Wakati Ayanle anaondoka, Hani alimsindikiza hadi barabarani, hatua tatu baina yao kwa heshima ya macho ya watu.

"Bado una hasira?"

"Ninayo. Si kwa kujiondoa. Kwa kujiondoa, umenipandisha hadhi. Lakini barua yenye jina langu ilisomwa na vyuo kumi na vinane kabla yangu. Siku nyingine naisoma mimi kwanza."

"Utaisoma wewe kwanza. Naapa."

"Na siku ya tathmini usionekane Garissa."

"Sitaonekana. Nitakuwa Nairobi, nakuombea dua."

"Paka mafuta hivyo viganja," Hani alisema, akageuka upesi asije akaonekana anatabasamu.

*

Watathmini waliokuja Balambala walikuwa wawili. Prof. Gumato Tadicha, mama wa Marsabit asiyetabasamu bila sababu, aliyechukua nafasi ya Ayanle, na Bwana Shariff, mtu wa kanuni, aliyetembea na kitabu cha kanuni hizo kwapani.

Shariff hakungoja hata chai ipoe.

"Dkt. Hani, kanuni ya nne: anayefundisha chuo kikuu awe na shahada. Mzee huyu anayo?"

"Hana."

"Basi tunapima nini hapa?"

"Mpime kwanza anachokijua," Hani alijibu.

Wanafunzi thelathini walikuwa wamesimama kwenye nyasi kavu. Msichana wa uhasibu, Iftin, alijitokeza na kompyuta ndogo.

"Mwezi wa kumi tulimwuliza mzee Dagane: ni wapi malisho yatakwisha kabla ya Februari? Akataja sehemu kumi na moja. Tukaandika, tukaifunga orodha. Wiki iliyopita tukalinganisha na picha za setilaiti. Sehemu tisa alizotaja zimekauka kama alivyosema."

"Na mbili?" Shariff aliuliza.

"Mbili... setilaiti inaonyesha ziko kijani kibichi."

"Kwa hiyo alikosea."

Hilo ndilo Hani alilokuwa akiliogopa wiki nzima, kwa sababu hata yeye hakuwa amefika sehemu hizo.

Dagane aliomba aonyeshwe. Aliinama juu ya kompyuta, macho kayabana. Ili wageni waelewe, alizungumza Kiswahili chake cha soko la mifugo.

"Hii bicha nasema kijani?"

"Ndiyo, mzee."

"Twende. Hapana mbali."

Walikwenda, magari mawili, nusu saa ya vumbi. Waliposhuka, pale sehemu zote mbili zinapopakana, kweli ilikuwa kijani: mathenge, kichaka juu ya kichaka, miiba imefumana hata mtu hawezi kupita. Chini yake ardhi ilikuwa tupu. Hakukuwa na hata unyasi mmoja.

"Bicha naona kutoka juu," Dagane alisema. "Juu ni kijani. Lakini ng'ombe nakula chini. Hii majani, mbuzi hapana taka. Hii tunda, mbuzi kikula sana, meno naoza. Mimi sema malisho nakwisha. Malisho imekwisha."

Iftin aliandika huku akisema kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia:

"Kumi na moja kwa kumi na moja!"

Wanafunzi walilipuka. Wengine walipiga makofi, wengine walimkimbilia mzee kumshika mkono. Prof. Gumato alipiga magoti, akaupitisha mkono wake juu ya ule udongo mtupu.

"Mimi nimekulia kwenye ng'ombe," alisema. "Na ramani iliyotokana na picha hizi tumeitumia katika vyuo vyetu kwa miaka mitano. Tumewafundisha watoto wa watu kwamba hapa kuna malisho." Alisimama. "Bwana Shariff, hicho kitabu chako kina ukurasa mtupu wa kanuni mpya?"

Shariff alikifungua, akakipekua hadi mwisho.

"Upo," alisema. Kisha, tumpe haki yake, akatoa kalamu mwenyewe.

*

Majibu yalitoka siku ya nane. Hani aliyasoma mara tatu, amekaa na baba yake Balambala, ndipo akapiga simu.

"Ayanle."

"Sema haraka, moyo unanipasuka."

"Tumefaulu. Litafundishwa vyuo vyote kumi na vinane. Na kanuni imebadilishwa! Mtu mwenye elimu ya nchi yake, ikishapimwa, atafundisha pamoja na mhadhiri, na jina lake litaandikwa kwenye ratiba. Kila chuo kitatafuta Dagane wake!"

"Alhamdulillah! Hani, umeshinda. Umeshinda mwenyewe, na hakuna wa kukunyang'anya."

Kabla hajajibu, simu ilichukuliwa mkononi mwake.

"Waryaa," Dagane alisema. "Wazee wako wangapi?"

"Saba, adeer."

"Hawatoshi. Barua ilikwenda vyuo kumi na vinane. Lete wazee kumi na wanane."

Na kweli walikuja kumi na wanane, mfungo mosi, mvua ya gu, masika ya kule, ikiwa imeshalainisha barabara hata gari moja likanasa njiani. Walikula, walizungumza tangu asubuhi hadi alasiri, wakakubaliana. Juma moja baadaye nikaha ikafungwa Balambala, na wanafunzi thelathini walikuwepo, na Prof. Gumato pia, na adeer Hared, ambaye alikatazwa kupiga simu kwa mtu yeyote.

Sheikh alikuwa akijaza cheti, miwani puani.

"Bwana harusi, mhadhiri. Bibi harusi, mhadhiri. Kazi ya baba wa bibi harusi?"

"Mfugaji," watu wakajibu.

"Mwalimu wa chuo kikuu," Hani alisema kutoka upande wa wanawake, na vigelegele vikapasuka.

Sheikh alisimamisha kalamu, akamtazama mzee.

"Niandike ipi?"

Dagane alivuta ndevu zake, akafikiri.

"Andika zote mbili," alisema. "Mfugaji itangulie."